Kabla ya kuuliza kipenyo, fungueni komeo

Sauti ile naijua hata nikiwa usingizini. Chuma hugonga chuma, kisha kimya, kisha chuma tena, safari hii kwa nguvu za mtu aliyebanwa. Niliisikia usiku mmoja wa msimu wa mahindi hapa Matipwili, kandokando ya mto Wami. Wanawake na watoto walikuwa wamejifungia ndani, sisi wanaume tumeshika madebe na mienge. Tembo walikuwa shambani kwa jirani yangu. Askari kijana aliyetumwa kutusaidia alikwisha kupiga risasi moja hewani na kundi likaanza kurudi mtoni, isipokuwa dume moja. Dume lile liligeuka, likatanua masikio, likaja. Kijana akavuta bolti, akasukuma, akavuta tena, akasukuma. Ndipo ile sauti.

Tuliamka salama kwa sababu dume lilighairi. Lilisimama hatua kama ishirini kutoka pale kijana alipokuwa, likatutimulia vumbi, likaondoka taratibu. Kulipokucha, kijijini kulikuwa na maneno ya aina mbili. Wapo waliosema askari ni mwoga, mikono ilimtetemeka. Wapo waliosema amepewa bunduki mbovu.

Nilikuwa fundi silaha kwa miaka 31 kabla ya kustaafu. Niliomba niitazame bunduki ile mbele ya mkubwa wake, nikakubaliwa. Haikuwa mbovu. Mtutu ulikuwa safi, pini nzima, springi imara. Na kijana hakuwa mwoga, maana mwoga hukimbia, na yeye alisimama. Ndani ya chemba nilikuta risasi nzima imekaa sawasawa, na nyuma yake ncha ya risasi ya pili imejikita kwenye kitako cha ile ya kwanza, karibu kabisa na fataki. Risasi mbili zinagombea chemba moja.

“Shikamoo Mzee,” kijana aliniambia baadaye, macho chini. “Mbona niliivuta na haikutoka?”

“Marahaba. Haikutoka kwa sababu haikuwa imeshikwa, mwanangu.”

Bunduki yake imesanifiwa hivi: bolti ikienda mbele huisukuma risasi kwa mgongo tu, kama mtu anavyosukuma pipa. Haiishiki mpaka mwisho kabisa wa safari, mkono wa bolti unapofungwa, ndipo ukucha mdogo unaporuka ukingo wa ganda na kulidaka. Kijana alisukuma mpaka mbele lakini hakuushusha mkono. Tembo alikuwa anakuja, kijana akadhani hajapakia, akavuta upya. Risasi ya kwanza ikabaki chemba kwa kuwa hakuna kilichoishika kuirudisha nyuma. Ya pili ikaja juu yake.

Kwa hiyo kosa halikufanyika shambani. Lilifanyika siku nyingi kabla, mezani, pale mtu alipojaza karatasi ya manunuzi akaandika kipenyo, idadi na bei, akaishia hapo. Nimeziona karatasi za namna hiyo maisha yangu yote ya kazi, katika vituo mbalimbali. Kipenyo kinaandikwa kwa herufi kubwa. Darubini inaandikwa. Hata rangi ya mkanda nimeiona imeandikwa. Risiva haiandikwi, wakati ndiyo inayoamua kama risasi ya pili itaingia au haitaingia.

Risiva ni kile kipande cha chuma cha katikati. Mtutu umezungushwa kama parafujo ukafungwa mbele yake, magazini imekaa chini yake, bolti inapita ndani yake. Baba yangu alikuwa seremala wa milango Bagamoyo, na nilipoanza kujifunza ufundi wa silaha nilimwelewa vizuri zaidi. Alikuwa akiniambia kwamba mlango wa mninga, hata uwe mnene vipi, haushiki kitu wenyewe. Kinachoshika ni komeo, na komeo nalo linashika kwa kadiri ya pale linapoingia. Bolti ni komeo. Risiva ni mwimo wa mlango, pamoja na matundu ambamo komeo linaingia. Nyuma ya mlango huo, hatua chache za vidole kutoka jichoni mwako, ndipo baruti inapowaka.

Watu wa Saadani, pwani jirani na hapa, walikutana na makomeo haya mapema, na kwa uchungu. Mwaka 1889 Mjerumani Hermann von Wissmann alikuja pwani hii na askari wa kukodi, wengi wao Wasudani waliochukuliwa Misri, kuzima vita vya Abushiri bin Salim na vya Bwana Heri wa Saadani. Saadani ilipigwa mizinga kutoka baharini. Abushiri alinyongwa Pangani Desemba ya mwaka huo. Bwana Heri aliendelea kupigana bara mpaka 1890. Bunduki ya askari wale ilikuwa Mauser ya mwaka 1871: kipenyo milimita 11, inapakiwa risasi moja moja, baruti nyeusi yenye moshi mzito. Komeo lake lilishikwa na kitu kimoja tu, shina la mkono wa bolti lililojiegemeza kwenye ukuta wa risiva. Kwa baruti nyeusi lilitosha, kwa sababu msukumo wake ni wa chini.

Mwaka 1886 Wafaransa walianza kutumia baruti isiyo na moshi mwingi, na msukumo ndani ya chemba ukapanda kwa kiasi ambacho makomeo ya zamani hayakuweza kukihimili. Kule Oberndorf, Ujerumani, Paul Mauser alirekebisha bunduki yake mara baada ya mara mpaka akafika kwenye ile ya mwaka 1898, tunayoiita 98. Wengi wa wenzangu waliozishika bunduki za kuwindia nyati na tembo, hata zenye majina ya Kiingereza au ya Kicheki, walishika watoto na wajukuu wa bunduki hiyo. Nimefungua nyingi. Sijaona ndani yake mchongo usio na sababu. Kila tundu lilichongwa baada ya mtu kuumia mahali fulani, au baada ya fundi kufikiri kwa uzito kwamba mtu angeweza kuumia.

Tuanze na komeo lenyewe. Mbele kabisa ya bolti kuna masikio mawili ya chuma. Ukishusha mkono, bolti inazunguka robo duara na masikio hayo yanakaa mbele ya mabega yaliyochongwa ndani ya pete ya mbele ya risiva. Yamewekwa mbele kwa makusudi, karibu na kitako cha ganda, ili nguvu ya baruti ishikwe palepale inapozaliwa. Ile .303 ya Waingereza, Lee-Enfield, masikio yake yako nyuma. Ni bunduki nyepesi kukoki, mkono wake unahitaji mzunguko mfupi na magazini yake inabeba risasi kumi, na iliwafaa sana askari wa miguu. Lakini bolti yake inaposukumwa, mwili mzima wa bolti unabanwa kabla nguvu haijafika kwenye masikio, na chuma kinajibana kidogo. Kwa .303 hakuna shida. Kwa risasi nzito za tembo, nataka masikio yawe mbele.

Mauser hakuridhika na mawili. Nyuma, karibu na mkono wa bolti, aliongeza sikio la tatu. Siku za kawaida halibebi mzigo wowote, limeachiwa nafasi ndogo lisiguse. Lipo kwa ajili ya siku ambayo yale mawili yatakatika, bolti isirudi ikaingia usoni kwa mpigaji. Ndani ya pete ya mbele akaacha ukosi wa chuma unaozunguka kichwa cha bolti, ili kitako cha ganda kizungukwe na chuma pande karibu zote.

Kisha gesi. Ganda likipasuka au fataki ikitoboka, gesi yenye moto hurudi nyuma ikitafuta njia. Katika 98, bolti ina matundu mawili makubwa yanayoipeleka gesi hiyo kwenye mfereji wa kushoto wa risiva, na nyuma ya bolti kuna ukingo mpana unaoizuia isifike jichoni. Jambo hili nalijua kwa mwili wangu. Miaka ya katikati ya kazi yangu nilikuwa napima shabaha kwa risasi zilizokaa ghalani muda mrefu. Moja ilitoboka fataki. Nilisikia mlio usio wa kawaida, nikaona moshi ukitoka ubavuni, na mkono wangu wa kushoto ukawa mweusi kwa masizi. Uso wangu haukuguswa. Paul Mauser mwenyewe alipoteza jicho mwaka 1901 akijaribu bunduki ya kujipakia yenyewe. Kila nikiona ule ukingo wa nyuma ya bolti namkumbuka, na nikiwa kazini sikuwahi kumruhusu mwanafunzi wangu yeyote apige bila miwani.

Sasa ukucha, ambao ndio chanzo cha makala hii. Katika 98 kuna ukucha mrefu wa chuma cha springi umelala ubavuni mwa bolti, hauzunguki nayo. Risasi ikitoka magazini hupanda kutoka chini, na ukingo wa ganda hujiingiza chini ya ukucha huo mapema, kabla risasi haijaingia chemba. Kuanzia hapo imeshikwa. Ukiisukuma nusu ukashtuka ukavuta, inarudi nawe na inatupwa nje. Ukiikoki huku umelala chini, huku umeinama, huku bunduki imepinduka, inakwenda na wewe na inarudi na wewe. Kijana wetu wa usiku ule angekuwa na ukucha wa namna hii, kile kitendo chake cha kuvuta mara ya pili kingempotezea risasi moja ardhini na kumpa nyingine chemba. Angekuwa na bunduki iliyopakiwa mkononi.

Ukucha huo mpana una kazi ya pili. Ganda likivimba na kung'ang'ania chemba, kwa joto, kwa kutu au kwa vumbi, ukucha mdogo unaweza kuruka au kukwangua ukingo. Ukucha mpana unashika sehemu kubwa ya ukingo na kuvuta. Mwenzake ni ulimi wa kutupia ganda, ambao katika 98 umefungwa kwenye risiva yenyewe na unapita katika mfereji uliochongwa kwenye sikio moja la bolti. Haukai ndani ya bolti kwa springi ndogo inayoweza kuziba kwa mchanga. Ukivuta kwa nguvu, ganda linaruka mbali. Ukivuta polepole, linaangukia kiganjani.

Usalama nao umekaa nyuma ya bolti, na unaikamata pini yenyewe. Usalama mwingi wa kisasa unakamata triga tu. Triga ikifungwa na pini ikaachwa huru, bunduki ikianguka kwenye mawe unategemea vipande vidogo vilivyoko kati ya triga na pini. Bawa la usalama la 98 lina vituo vitatu: kupiga, kufunga kila kitu, na kituo cha katikati ambacho pini imefungwa lakini bolti inafunguka, ili mtu apakue risasi bila hatari. Ajali nilizowahi kuzichunguza zilitokea zaidi kambini, jioni, watu wakipakua huku mawazo yako kwenye chai, na chache mno zilitokea porini. Kituo kile cha katikati kilichongwa kwa ajili ya jioni hizo. Bawa lenyewe huwa linagongana na darubini iliyokaa chini, kwa hiyo mafundi waliofuata walilibadilisha liende pembeni. Hilo nalikubali, ilimradi liendelee kufunga pini.

Si kila mchongo wa 98 unafaa leo. Ukuta wa kushoto wa risiva ya kijeshi umekatwa pengo la kidole gumba, ili askari ashindilie risasi tano kwa mkupuo kutoka kwenye kishikio chake. Mwindaji hahitaji pengo hilo, na bunduki nyingi za kuwindia ziliachwa na ukuta mzima ili risiva iwe ngumu zaidi. Hapo ndipo ninapowaambia vijana wajifunze kuuliza mchongo uliwekwa kwa ajili ya nani.

Na kuna jambo la urefu, ambalo limewaponza wengi. Kanuni zetu za uwindaji zinataka kipenyo kisipungue .375 kwa wanyama hatari. Risasi ya .375 Holland & Holland, iliyotoka mwaka 1912, ina urefu wa milimita 91 hivi. Risasi ambayo 98 ya jeshi ilitengenezewa ina milimita 82. Ukitaka kuingiza ya kwanza kwenye nyumba ya pili lazima ukate chuma, na mahali pa kukata ni mteremko wa mbele wa magazini, palepale chini na nyuma ya bega linalobeba sikio moja la bolti. Wapo mafundi mahodari waliofanya kazi hiyo kwa kipimo. Wapo wengine waliokata tu. Ndiyo maana Mauser walitengeneza risiva ndefu maalumu, na kampuni ya Rigby ya London ikaitumia kwa .416 yake ya mwaka 1911. Ukiletewa .375 ya bei nafuu iliyozaliwa kutoka bunduki ya vita, muulize aliyeileta: chuma kilichokatwa kilikuwa kinabeba nini?

Pwani yetu iliona pia mtihani mkubwa wa bunduki hizi. Novemba 1914, Waingereza waliposhuka Tanga, vikosi vingi vya askari wa Kijerumani bado vilikuwa na zile za 1871, na moshi ulimwonyesha kila mmoja pale alipojificha. Aprili 1915 meli iitwayo Rubens, iliyojifanya ya Denmark kwa jina la Kronborg, ilipigwa na manowari ya Kiingereza katika ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga. Wajerumani waliopoa bunduki za 98 na risasi kutoka ndani ya maji. Risasi zilizolowa zilifunguliwa, baruti ikakaushwa, zikafungwa upya, zikatumika porini kwa miaka. Risasi iliyowahi kulala baharini haina ahadi. Huo ndio ulimwengu ambao matundu ya gesi na ukucha mpana vilitengenezewa, na haujawa mbali na ulimwengu wa ghala zetu.

Najua majibu nitakayopewa, na ninayaheshimu kwa sababu baadhi ni ya kweli. Bunduki za kusukuma, kama Remington 700 iliyotoka mwaka 1962, ni imara sana. Kitako cha ganda kimezungukwa na chuma cha bolti, na bolti nayo imezungukwa na chuma cha mtutu na cha risiva. Risiva yake ya mviringo inachongwa kirahisi kama bomba, kwa hiyo bei inashuka na shabaha inakuwa nzuri. Kwa kulenga shabaha, kwa swala wa mbali, sina neno dhidi yake. Hata ukucha mrefu una udhaifu wake: 98 ya asili haitaki udondoshe risasi moja kwa moja chemba ukafunga, inataka ipitie magazini, na asiyejua huvunja ukucha.

Lakini historia ya soko lenyewe inanipa ushahidi. Winchester Model 70, iliyoanza miaka ya 1930, ilikuwa na ukucha mrefu. Mwaka 1964 kampuni iliuondoa ili kupunguza gharama. Wawindaji walilalamika kwa miaka mingi, na katika miaka ya 1990 kampuni ikaurudisha. Mpaka leo wanunuzi wa bunduki kuukuu hulipa zaidi kwa zile zilizotengenezwa kabla ya 1964. Wawindaji bingwa wengi wa Afrika Mashariki walizibeba Brno na CZ 550 kutoka Jamhuri ya Cheki, zenye ukucha mrefu, ulimi uliofungwa kwenye risiva, na reli ya darubini iliyochongwa humohumo kwenye chuma cha risiva badala ya kufungwa kwa parafujo ndogondogo. Watu wanaosimama mbele ya nyati kwa riziki yao walichagua hivyo kwa fedha zao wenyewe.

Wapo pia wanaoniambia kwamba askari ana SMG, ile bunduki ya kivita, inatosha. SMG ni ya kukabili majangili wenye silaha. Risasi yake nyepesi ikimpiga tembo inamjeruhi, na tembo aliyejeruhiwa anakwenda kumalizia hasira kwa mama anayechota maji kijiji cha tatu.

Na hapa nataka nieleweke vizuri. Mimi si mtetezi wa kuua. Hifadhi ya Saadani ni fahari yetu, ndiyo hifadhi ya taifa ambayo nyika yake inagusa Bahari ya Hindi, na ndani yake hakuna uwindaji. Nasoma habari za W.D.M. Bell, Mskoti aliyeua tembo zaidi ya 1,000 katika Karamoja na kwingineko, wengi wao kwa Mauser ndogo ya .275, na idadi hiyo inaniuma. Tembo anayetoka hifadhini afukuzwe kwanza kwa madebe, kwa moshi wa pilipili, kwa uzio wa mizinga ya nyuki, kwa mlio hewani. Risasi ni neno la mwisho. Ndiyo sababu neno hilo lisikwame. Mpigaji mwenye bunduki anayoiamini husubiri. Anampa mnyama nafasi ya kughairi, kama dume lile lilivyoghairi, kwa kuwa anajua akibanwa risasi ya pili ipo. Mwenye bunduki asiyoiamini hupiga mapema, hupiga ovyo, hujeruhi. Risiva nzuri inalinda tembo pia.

Kuna na chumvi. Anayeishi hapa karibu na mashamba ya chumvi ya Saadani anajua bati linavyoliwa. Upepo wa kusi unaingia kwenye mifereji ya risiva, mbele ya mabega ya masikio, mahali ambapo kitambaa hakifiki na askari hajawahi kuonyeshwa. Risiva iliyochongwa kwa kubana sana inapendeza dukani, kisha inashika mchanga mwembamba wa pwani na kukataa kufunguka. Ile iliyoachiwa nafasi kidogo inacheza ukiivuta nyuma, na mnunuzi huidharau kwa mchezo huo. Mchezo huo ni wa makusudi.

Basi naomba nini? Naomba kila ofisi, ya umma au ya binafsi, inayonunua bunduki kwa ajili ya kukabili wanyama wakali na waharibifu, iandike mambo manne chini ya kipenyo. Ukucha mrefu unaoishika risasi tangu inapotoka magazini, na ulimi wa kutupia uliofungwa kwenye risiva. Usalama unaofunga pini, wenye kituo cha kupakulia. Njia za gesi zinazoelekea mbali na uso. Na risiva iliyozaliwa kwa urefu wa risasi yenyewe, isiyokatwa ili itoshe. Nani atasema mistari minne ni mingi, wakati ya rangi ya mkanda ilipata nafasi?

Kisha fundi silaha aitwe kabla mzigo haujapokelewa. Achukue risasi bandia, zisizo na baruti wala fataki, afanye jaribio ambalo halihitaji mashine: asukume nusu, avute. Asukume mpaka mwisho bila kushusha mkono, avute. Apindue bunduki, arudie. Risasi ikitoka kila mara, bunduki ipokelewe. Ikibaki chemba hata mara moja, irudishwe, hata kama mtutu wake unang'aa. Jaribio hili halimalizi dakika kumi kwa bunduki moja.

Na zile Mauser na Brno za zamani zilizorundikwa ghalani kwa sababu kitako kimepasuka au mtutu umechakaa, zisiuzwe kama vyuma chakavu kabla hazijafunguliwa. Kitako kinachongwa upya. Mtutu unabadilishwa. Risiva nzima yenye mabega ambayo hayajaliwa ndiyo mali yenyewe.

Wiki moja baada ya usiku ule, kwa ruhusa ya mkubwa wake, kijana alikuja barazani kwangu na risasi bandia tano. Tulikaa asubuhi nzima. Nilimfundisha asukume mpaka mwisho na kushusha mkono kila mara, bila kufikiri, hata kama hataki kupiga. Alijifunza upesi, kidole gumba kikamchubuka, hakulalamika. Nilimwambia ukweli wote: mafunzo yale yanaziba pengo la bunduki yake, hayaliondoi. Siku atakayoshtuka kupita kiasi, mkono utasahau, na chuma hakitamkumbusha.

Mahindi yameanza kubeba. Jana nimeona nyayo kwenye tope la Wami, pana kama sinia. Kijana bado anabeba bunduki ileile.